Sura ya Tano: Pa Kulilaza Gari-Nyumba

Gari-nyumba hutumia sehemu kubwa ya umri wake likiwa limesimama. Daladala hulala saa chache na alfajiri liko barabarani. Lori la mizigo likikaa siku mbili, mwenyewe anaanza kuhesabu hasara. Lakini gari lenye kitanda, jiko na tangi la maji ndani yake, liwe Coaster iliyong'olewa viti, Fuso iliyojengewa chumba mgongoni, au kempa iliyoshuka bandarini kutoka Ulaya, huenda safari ya wiki mbili kisha likakaa uani miezi mitatu likisubiri likizo nyingine. Miezi hiyo yote uzito wake uko palepale, juu ya vipande vilevile vinne vya ardhi, usiku na mchana, kiangazi na masika.

Kwa hiyo mahali pa kuliegesha panastahili kufikiriwa kama unavyofikiria msingi wa chumba. Swali linaloulizwa mara nyingi ni moja: niweke pavingi au nimwage zege? Fundi naye hujibu papo hapo, na kwa kawaida hutaja kazi anayoijua yeye. Swali si baya, ila limekuja mapema mno. Kinacholibeba gari ni udongo ulio chini, na udongo hubeba vizuri pale tu uliposhindiliwa ukashiba na kubaki mkavu. Ukikosea hapo, hakuna pavingi ya bei yoyote itakayokuokoa. Ukipatia hapo, hata kokoto tupu zitakutosha.

Jambo hili lilisemwa zamani na John Loudon McAdam, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1756 na kupewa usimamizi wa barabara za eneo la Bristol, Uingereza, mwaka 1816. Wajenzi wengi wa wakati wake waliamini barabara imara lazima itandikwe mawe makubwa chini. McAdam alishikilia kuwa ardhi ya asili ndiyo inayobeba mzigo wote, na kwamba ikilindwa isilowe itabeba uzito wowote bila kudidimia. Tabaka la mawe madogo yaliyopondwa, kwake, lilikuwa paa la kuikinga ardhi hiyo na mvua. Akainua barabara juu ya usawa wa maji, akaipa mgongo ili mvua itiririke pembeni, na mbinu yake ikaenea duniani. Ua wako ni kipande kifupi cha barabara, na kanuni ni ileile.

Tuanze na uzito, maana wenye magari haya wengi hawaujui. Coaster tupu ina karibu tani tatu na nusu. Weka tangi la maji la lita 200, hizo ni kilo 200. Ongeza betri, mitungi ya gesi, makabati ya mbao, friji, jenereta na tairi la akiba la pili, utajikuta unakaribia tani tano. Kempa nyingi za Ulaya hutengenezwa zisizidi kilo 3,500 kwa sababu leseni ya kawaida ya gari dogo huko imeishia hapo kwa miaka mingi. Zile za Marekani zenye umbo la basi zinaweza kuvuka tani kumi. Usikisie. Jaza maji na mafuta, pakia kila kitu kama unayesafiri kesho, kisha pitisha gari kwenye mzani, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Machimbo mengi ya kokoto na maghala makubwa yana mzani.

Tuseme gari ni tani tano na ekseli ya nyuma inabeba tatu kwa matairi manne. Kila tairi linabeba kilo 750. Tairi huikandamiza ardhi kwa nguvu inayokaribiana na upepo uliomo ndani yake. Tairi lenye upepo wa psi 70 hivi linaweka takribani kilo tano juu ya kila sentimita moja ya mraba. Gawanya, utaona kwamba kila tairi la nyuma limesimama juu ya eneo la sentimita 150 za mraba, yaani robo ya karatasi ya A4. Kilo 750 kwenye robo ya karatasi, bila kuondoka, miezi mitatu.

Kati ya mwaka 1958 na 1960 wahandisi wa Marekani walijenga barabara za majaribio karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, wakazipitisha malori mchana na usiku hadi zikaharibika. Katika majaribio hayo ilipatikana kanuni ambayo bado inatumika: uzito wa ekseli ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara huongezeka takribani mara 16. Ekseli ya Toyota Vitz hubeba kama nusu tani; hii ya Coaster yetu inabeba tani tatu, mara sita zaidi. Kwa kanuni hiyo, pito moja la Coaster hii ni sawa na mapito karibu 1,300 ya Vitz. Ni kweli kanuni ile ilihusu magari yanayopita, na uani kwako gari haliingii na kutoka mara elfu kwa siku. Hata hivyo inatosha kukuonyesha kwa nini ua wa jirani usiokuwa na ufa hata mmoja si ushahidi, kama jirani huyo anaendesha gari dogo.

Sasa shika sururu na beleshi. Pale hasa ambapo tairi za nyuma zitakaa, chimba shimo lenye upana wa nusu mita na kina cha mita moja. Kazi hii inachukua asubuhi moja na haina gharama, na ndiyo kazi yenye faida kuliko zote zilizomo katika sura hii. Angalia ukuta wa shimo. Juu kutakuwa na udongo wenye rangi nzito, laini, uliojaa mizizi na majani yaliyooza. Huo wote utaondoka. Haujengewi kitu, kwa sababu mizizi huoza na kuacha matundu. Chini yake rangi hubadilika, na hapo ndipo pa kupima.

Chukua konzi ya udongo huo wa chini, uloweshe kidogo, uviringishe katikati ya viganja kama unayesokota uzi. Ukikatika na kumomonyoka kabla haujafika unene wa kidole, ni kichanga. Ukikubali kuwa mwembamba kama njiti ya kiberiti bila kukatika, unao mfinyanzi. Kisha jaza shimo maji jioni, uyaache yaishe, asubuhi ulijaze tena na ukae uangalie. Maji yakinywewa mbele ya macho yako, ardhi yako inapumua na mambo mengi yatakuwa mepesi. Yakiwa bado yapo jioni, jua kwamba kila mvua itakayonyesha itabaki chini ya gari lako, na itakulazimu kuipeleka mahali pengine.

Adui mkubwa ni mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Wakazi wa Kitengela na Syokimau wanaufahamu vizuri, wakulima wa mpunga wa Mwea pia, na kwa upande wa Tanzania umetapakaa katika mbuga za Shinyanga na maeneo mengi ya mabondeni. Ukilowa huvimba, ukikauka hunywea. Jamvi la zege lililomwagwa juu yake huinuliwa kona moja na masika, kisha kiangazi udongo unanywea na kona ile inabaki haina kitu chini yake. Gari likipanda hapo, zege linakatika. Watu hulaumu saruji, wakati saruji haikuwa na kosa. Dawa yake ni kuuchimba na kuutoa, sentimita 60 au zaidi, na kurudisha moramu iliyoshindiliwa. Na pale ambapo mfinyanzi unashuka chini sana, kuuchanganya na chokaa ili usivimbe. Kazi hiyo ya chokaa mwite mhandisi, vipimo vyake havikisiwi.

Mwambao una habari tofauti. Mchanga wa Kigamboni hauvimbi na hautuamishi maji, ila tairi zito huusukuma pembeni, hivyo unahitaji kuzungushiwa ukingo imara. Mombasa na Unguja, penye mawe ya matumbawe, unaweza kudhani umepata mwamba wa bure; gonga kwanza kwa mtaimbo, kwa kuwa mawe hayo yana mashimo na mapango madogo ambayo hayaonekani juu.

Kuna kitu kingine cha kutafuta ardhini kabla hujaamua chochote: karo la choo. Viwanja vyetu ni vidogo, na mara nyingi nafasi pekee inayotosha gari refu ni ileile iliyopewa karo na chemba zake. Mfuniko wa zege wa karo la nyumbani umepimwa kubeba watu, watoto wanaocheza na labda pipa la maji. Haukupimwa kubeba kilo 750 kwenye robo ya karatasi. Ukivunjika, tairi la nyuma linazama kwenye maji taka na gari linalala ubavu. Na kama mtu alikuwa chini yake akikagua breki, tunazungumza habari ya msiba. Tafuta ramani ya nyumba, uliza aliyejenga, au fuata bomba kutoka chooni kwa mtaimbo mpaka ujue karo linaanzia wapi na kuishia wapi. Kama hakuna pa kukwepa, mfuniko usukwe upya kwa nondo na kwa hesabu ya mhandisi. Mabomba ya maji safi nayo yapitishwe ndani ya bomba kubwa zaidi kila yanapokatiza chini ya njia ya gari.

Sasa msingi wenyewe. Kwa gari la tani tano juu ya udongo wa kawaida, chimba sentimita 40. Eneo la mita 8 kwa mita 3.5, linalotosha Coaster na nafasi ya kufungua mlango, litakupa kifusi cha zaidi ya mita 11 za ujazo, hivyo panga mapema kitakwenda wapi. Kikirundikwa pembeni ya shimo, mvua ya kwanza itakirudisha ndani. Moramu irudi kwa tabaka za sentimita 15, si zaidi. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Lori linamwaga tripu nzima, vijana wanasawazisha kwa reki, mashine inapita juu mara mbili, uso unang'aa, na chini kuna sentimita 25 zilizolegea kama zilivyotoka garini. Mashine ndogo ya kushindilia haifiki huko chini. Tabaka moja, maji, shindilia. Tabaka la pili, maji, shindilia.

Kiasi cha maji hupimwa kwa mkono. Bana konzi ya moramu kisha ufungue kiganja: ikibaki donge, na donge hilo ukiliangusha kwenye kigae likapasuka vipande vichache, unyevu ni sawa. Ikitawanyika kama vumbi, nyunyiza. Ikiacha tope mkononi, subiri jua. Na tabaka limeshiba pale ambapo mlio wa mashine unabadilika, kutoka kudunda kizito hadi kugonga kikavu, na kisigino cha kiatu hakiachi alama. Nunua moramu zaidi ya ujazo wa shimo kwa kama robo, kwa kuwa itapungua inaposhindiliwa.

Ukifika hapo, chaguo la uso wa juu linakuwa jambo la fedha, macho na maji. Nyasi sizipendekezi hata kidogo kwa gari linalolala muda mrefu. Zinapendeza, lakini unyevu unaopanda kutoka kwenye majani huishika fremu kutoka chini, sehemu ambayo rangi yake ni nyembamba na hakuna anayeiangalia, na kutu huanzia huko. Panya nao hupenda kivuli kile. Lami nayo ina tabia ambayo watu hawaitarajii: inalipenda gari linalopita na hailipendi gari linalolala. Jua la mchana huilainisha, na mzigo uliotulia mahali pamoja huididimiza polepole, kwa hiyo baada ya miezi unakuta vibonde vinne vya matairi na vidogo zaidi palipokuwa na miguu ya jeki. Dizeli ikivuja huiyeyusha. Kwa ua wa mtu mmoja, gharama ya kuleta lami na mashine zake haina sababu.

Kokoto ni chaguo la heshima ambalo wengi hulidharau. Zinapitisha maji, hazipasuki, na zikizama sehemu unaongeza ndoo tatu na kusawazisha. Ila ziwe kokoto za kusagwa zenye pembe kali, za robo tatu ya inchi, zinazoshikana zikikandamizwa. Zile za mto zilizo duara huviringika chini ya tairi na gari hukwama likiwa uani kwake mwenyewe. Tandika kitambaa maalumu cha ujenzi kati ya moramu na kokoto ili zisimezwe na udongo, weka ukingo wa zege au mawe pembeni, na unene wa sentimita 8 hadi 10 unatosha. Ukizidisha, tairi linaogelea. Udhaifu wa kokoto ni kwenye jeki. Mguu wa jeki huzama na kuteleza, na gari lililoinuliwa likiteleza linaua. Mwenye kuegesha juu ya kokoto amwage vipande vidogo vya zege vya sentimita 50 kwa 50 pale miguu ya jeki inapoangukia, na atumie hivyo peke yake.

Pavingi, au kabro kama wanavyosema Kenya, ndiyo inayoombwa zaidi na ndiyo inayokosewa zaidi. Niliwahi kukaa chini ya mwembe huko Goba nikisikiliza mwalimu mstaafu akipatana na fundi. Coaster yake, aliyoigeuza kuwa ya kulala kwa ajili ya kwenda kuwaona wajukuu mikoani, ilikuwa imesimama kando.

"Mama, ya sentimita sita inatosha. Hata pale benki wameweka hiyohiyo."

"Benki wanaegesha magari gani, mwanangu?"

"Madogo madogo, mama."

"Na langu hili umelionaje?"

Fundi akaligeukia gari, akaangalia matairi ya nyuma yaliyokaa mawili mawili, akacheka kidogo. "Basi hili ni la nane. Ila bei itapanda, mama."

"Nipunguzie eneo, baba. Usinipunguzie unene."

Sijasikia maelekezo bora zaidi ya hayo kutoka kwa mteja yeyote. Pavingi ya milimita 60 ni ya watu na magari madogo. Ya milimita 80 ndiyo ya magari mazito. Zenye umbo la sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika kila mita ya mraba, kwa hiyo eneo letu la mita 8 kwa 3.5 linataka 1,400 na za akiba. Zinunue mahali ambapo zimemwagiliwa maji na kukomaa. Gonga mbili pamoja usikie zinavyolia, kisha vunja moja katikati uangalie kama kokoto na saruji vimeshikana ndani au ni mchanga mtupu uliopakwa rangi. Zilazwe kwa mpangilio wa mifupa ya samaki, kwa kuwa tairi linapokata kona huzisukuma pembeni na mpangilio huo hugawa msukumo pande zote. Mistari iliyonyooka hufunguka. Chini yake mchanga wa sentimita tatu hadi nne tu. Fundi anayetaka kutumia mchanga wa sentimita kumi anaficha msingi usiosawazishwa, na mchanga huo utahama na kuacha mabonde. Pembeni, ukingo wa zege uliozama ardhini. Pavingi bila ukingo hutawanyika, na huanza kutawanyika kwenye kona ile ambayo gari hukanyaga kila siku likiingia getini.

Uzuri mwingine wa pavingi ni kwamba hufunguliwa. Bomba likipasuka chini, unainua tofali 30, unatengeneza, unazirudisha. Zege halikupi ruhusa hiyo.

Zege lenyewe, likifanywa vizuri, ndilo linalofaa zaidi kwa jeki, kwa kufanya matengenezo chini ya gari na kwa kufuta oili iliyodondoka. Unene wa milimita 150, wavu wa BRC ndani yake, uwiano wa moja kwa moja na nusu kwa tatu. Kwa eneo letu ni mita 4.2 za ujazo, yaani mifuko 33 au 34 ya saruji ya kilo 50, ile ya daraja la 42.5. Wavu uinuliwe juu ya vipande vya zege ili ukae ndani ya jamvi. Ukiulaza chini juu ya nailoni umezika chuma chako bure.

Ugomvi mkubwa katika zege ni maji. Mfuko mmoja unahitaji kama lita 25, pamoja na unyevu uliomo mchangani. Vijana huongeza ndoo ili litiririke kwa urahisi, na kila ndoo ya ziada inakula nguvu ya zege. Simama hapo siku hiyo. Zege hunywea linapokauka, na lisipoonyeshwa mahali pa kupasuka litajichagulia lenyewe. Kwa hiyo kata mstari kila baada ya mita 4, kina cha sentimita 4, ndani ya siku ya kwanza. Kisha lifunike kwa magunia au mchanga na kulilowesha siku saba mfululizo. Gari dogo linaweza kupita baada ya siku hizo saba, lakini gari-nyumba lisubiri siku 28.

Kama fedha za jamvi zima hazipo, mwaga njia mbili tu za matairi, kila moja upana wa sentimita 90, zikiachana sentimita 70 au 80. Saruji inapungua kwa karibu nusu, jeki zinapata pa kusimama, na katikati unaweka kokoto zinazokunywa mvua. Naipenda njia hii kuliko jamvi zima na nashangaa kwa nini haionekani zaidi mitaani.

Sababu ya kuipenda ni maji. Jamvi la mita 28 za mraba likipata mvua ya milimita 50, ambayo Dar es Salaam si mvua ya ajabu, linakusanya lita 1,400 na kuzimwaga mahali fulani. Kama hukupanga, mahali hapo ni ukuta wa nyumba yako au mlango wa jirani. Uingereza ilipata mafuriko makubwa mwaka 2007, na tangu Oktoba 2008 mwenye nyumba huko England anayetaka kufunika zaidi ya mita 5 za mraba za bustani yake ya mbele kwa kitu kisichopitisha maji, huku maji yakielekea barabarani, lazima aombe kibali. Sisi tuliyaona ya Desemba 2011 Dar es Salaam, na kila ua unaozibwa kabisa unaongeza kidogo kwenye mfereji uliokwisha kujaa. Elekeza maji yako kwenye shimo lililojazwa mawe, kwenye migomba, au kwenye tangi la kuvunia.

Mteremko uwe wa sentimita mbili kwa kila mita ukielekea mbali na nyumba. Hapo wenye friji za gesi huwa na wasiwasi, kwa kuwa friji hizo hufanya kazi vizuri zikiwa karibu na usawa na gari likiinama sana huacha kupoza. Mteremko wa namna hiyo ni nyuzi moja na kidogo tu, friji haitajali, na pimamaji iliyowekwa juu ya meza ya ndani itakuthibitishia. Elekeza mteremko upande ambao dirisha na paa havitatuamisha maji. Hapo getini, panda taratibu: magari haya yana mkia mrefu nyuma ya ekseli, na kilima kifupi kikali kinaukwaruza.

Na sasa hukumu yangu, kwa mtu ambaye hawezi kulipia kila kitu kwa mara moja, ambaye ndiye wengi wetu. Fedha za msimu huu zote zizike chini: chimba, toa udongo mbaya, shindilia moramu tabaka kwa tabaka, jenga ukingo na mtaro wa maji. Egesha gari juu ya moramu hiyo, ukiweka vipande vya zege chini ya jeki, na uache masika moja yapite. Palipo na udhaifu patajionyesha kwa kibonde. Jaza, shindilia tena. Mwaka unaofuata nunua pavingi za milimita 80 au mwaga njia zako mbili za zege, juu ya ardhi ambayo tayari umeiona ikibeba gari lako kwenye mvua. Fundi akikuambia mpango huo unachelewesha kazi, mwambie utamwita tena mwezi wa saba.